Utabiri si Uhakiki: Tuzo ya Mchezo Bora na Jukwaa la Kisii na Nyamira

Kila muhula wa kwanza wa shule unapokaribia ukingoni, katika vyumba vya walimu kuanzia Mosocho hadi Keroka, na kutoka Keroka hadi Nyamira mjini, huzuka mjadala mmoja: ni mchezo upi utakaotawazwa bora mwaka huu? Majina ya shule hutajwa, ya watunzi na waelekezi hutajwa zaidi, na kabla hata pazia halijafunguliwa katika ngazi ya kaunti wajuzi huwa wamekwisha kutoa hukumu. Desturi hii ingekuwa burudani tu lau ingebaki katika vyumba vya walimu. Lakini imejipenyeza katika madarasa ya fasihi ya vyuo, ikavishwa joho la kitaaluma, na sasa wapo wanaodai kwamba mhakiki aliyeiva ni yule awezaye kubashiri mshindi. Kwamba anayevijua vigezo vya ubora sharti ayajue na matokeo. Dai hilo ni potofu. Upotofu wake haukomei kwenye mantiki, kwa kuwa unawafunza watunzi chipukizi kuandika kile kilichokwisha kubashiriwa.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini tuzo hii ina uzito kuliko nyingine. Tamasha la Drama la shule na vyuo vya Kenya lilianza mwaka 1959, wakati ukumbi na uamuzi vilikuwa bado mikononi mwa Wazungu na shule zao. Tangu hapo limekua likawa taasisi inayogusa kila pembe ya nchi: mchezo hupanda kutoka ngazi ya chini hadi kaunti, kutoka kaunti hadi eneo, na kutoka eneo hadi taifa, ambako walioshinda hualikwa kuigiza mbele ya Rais. Kisii na Nyamira zimo katika eneo la Nyanza pamoja na Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Mchezo uliozaliwa Borabu au Bobasi hauna budi kuwapita majirani hao kabla haujasikika kwingineko.

Tuzo za vitabu hazijaizibia tamthilia pengo hili. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta huainisha vitabu kwa lugha na kwa umri wa wasomaji, si kwa utanzu. Tamthilia ya Kiswahili hulazimika kupimwa kwenye mizani moja na riwaya, na anayejua historia ya tuzo hiyo anajua ni utanzu upi uliozoea kuondoka na ushindi. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ilipoanzishwa mwaka 2014, iliupa ushairi fungu lake na nathari fungu lake; tamthilia haikutengewa kitu. Kwa mtunzi wa tamthilia nchini Kenya basi hubaki milango miwili: kuteuliwa kuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari, kama walivyoteuliwa Kithaka wa Mberia kwa Kifo Kisimani, Pauline Kea kwa Kigogo na Timothy Arege kwa Mstahiki Meya na baadaye Bembea ya Maisha, au kushinda jukwaani katika Tamasha. Mlango wa kwanza hupitwa na mtu mmoja katika kipindi cha miaka kadhaa. Wa pili hufunguliwa kila mwaka, nao ndio wanaougombea walimu na wanafunzi wa Kisii na Nyamira.

Watabiri wana mbinu zao, na haki iwatendekee: mbinu hizo mara nyingi hufaulu. Hutazama nani ameandika, kwa maana si siri kwamba shule nyingi hazitungi tena michezo yao, bali humwendea mtunzi wa kukodiwa ambaye huweza kuandikia shule kadhaa kwa msimu mmoja. Hutazama nani anaelekeza. Hutazama mchezo ulioshinda mwaka uliotangulia na ulivyojengwa. Hutazama pia ni jambo gani linalozungumzwa na serikali mwaka huo, iwe ni uwiano wa kikabila, dawa za kulevya, mazingira au ufisadi katika kaunti. Kisha hutamka, na mara nyingi hutamka sawa.

Hapo ndipo penye kashfa. Ikiwa mtu ambaye hajausikia mstari hata mmoja wa mchezo anaweza kujua utashinda, basi alichokijua si mchezo. Amejua mfumo unaouzunguka: pesa, majina, mazoea ya waamuzi. Kuyajua hayo ni elimu, nayo yaweza kuandikiwa tasnifu nzuri ya sosholojia ya fasihi. Lakini uhakiki huanza pale ambapo elimu hiyo inakoma, mtu anapoketi mbele ya jukwaa na kujiuliza kwa nini mhusika fulani alinyamaza alipopaswa kusema. Isitoshe, kadiri utabiri unavyofaulu ndivyo michezo inavyozidi kufanana, kwa kuwa mtunzi naye huusikia na kuufuata. Mwaka unaofuata mtabiri hujisifu kwa kulitambua umbo alilochangia kulitengeneza.

Umbo lenyewe linajulikana. Bibi mkongwe anaketi pembeni mwa jukwaa na kusimulia, obokano inapigwa, wasichana wanaingia wakiimba kwa Ekegusii, na huo huwa ndio mwisho wa Ekegusii jukwaani, kwani mazungumzo yote yatakuwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Anatokea kigogo mwenye kitambi, mfupa wa ndege mkononi na simu tatu mifukoni. Anatokea msichana mwerevu. Kigogo anaiba, msichana anapinga, umati unagawanyika, na dakika tatu kabla ya mwisho kunafika polisi au barua. Wahusika wote wanasimama mbele na kuimba umoja. Hakuna sehemu hata moja ya umbo hili iliyo mbaya peke yake. Ubaya ni kwamba umbo limetangulia jambo, na kila jambo la Kisii na Nyamira, liwe kubwa au chungu namna gani, hukatwakatwa hadi litoshe ndani yake.

Mfano mmoja wastahili kuchunguzwa kwa urefu, kwa sababu unahusu uhai wa watu. Mnamo Mei 2008 umati uliwachoma watu 11 katika eneo la Gusii kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake wakongwe. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne waliokula chumvi nyingi waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Kati ya tarehe hizo mbili yametokea mengine ambayo hayakufika magazetini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,260,000 Kisii na zaidi ya 600,000 Nyamira, katika vilima ambavyo tangu zamani vimegawanywa na kugawanywa tena hadi shamba la familia likawa ukanda mwembamba wa chai na migomba unaoteremka hadi mtoni. Mzee anayeishi peke yake kwenye ukanda kama huo amekalia kitu ambacho wengine wanakihitaji. Hili kila mtu analijua. Neno omorogi, yaani mchawi, linapotamkwa juu yake, aghalabu ardhi imekwisha kutamkwa kimyakimya.

Je, mchezo uliojengwa ili ubashiriwe hulifanyaje jambo hili? Humtafuta jambazi mmoja. Mara nyingi ni shemeji mlafi au mwana mpotevu anayelitaka shamba, anayemhonga omoragori, mpiga ramli, amtaje bibi. Mjukuu msomi anarudi kutoka chuo kikuu, anafichua hila, chifu anafika, jambazi anatiwa pingu, na hadhira inashangilia. Mchezo wa namna hii una taharuki, una mgogoro ulio wazi, una dhamira inayosemwa kwa sauti, na una nafasi ya mwigizaji mmoja kulia kwa ufundi. Alama zake zinaweza kuhesabiwa tangu mazoezini. Nao ni uongo.

Ni uongo kwa sababu mauaji yale hayana jambazi mmoja. Umati ni watu wenye majina, wanaojuana tangu utotoni, waliokula pamoja arusini. Swali la kidrama halimo katika hila ya shemeji. Limo katika kule kujua ni nani aliyeleta kiberiti, ni nani aliyesimama akitazama, ni nani aliyefunga mlango wake ili asione, na ni nani miongoni mwao aliyekuja siku ya tatu kupika matangani. Mtunzi anayelikabili swali hili hawezi kumpa mtazamaji mtu wa kumzomea, kwa maana mtazamaji mwenyewe, akiwa ameketi katika ukumbi wa shule Kisii au Nyamira, huenda ni binamu ya aliyefunga mlango. Mchezo kama huo hauna mahali pa kupigiwa makofi. Watabiri wakiusoma muswada wake watamshauri mtunzi aubadilishe: ni mzito, haupandi, waamuzi watauliza suluhisho liko wapi. Kwa maneno mengine, utabiri utakuwa umeuzuia mchezo ambao ungeifaa jamii hiyo kuliko mwingine wowote.

Ebrahim Hussein hakuogopa kufanya hivyo. Katika Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, alimchukua mwonaguzi wa Vita vya Maji Maji na kumtia shaka ndani ya nafsi yake mwenyewe, hadi neno alilolitoa likamponyoka na kumtawala. Mjerumani yumo katika tamthilia hiyo, na ukatili wake haupunguzwi. Lakini uzito wa mchezo hauko kwake. Uko kwa mtu ambaye hawezi tena kuyarudisha maneno yake. Ni vigumu kuona jinsi mtabiri wa leo angeipa tamthilia hiyo nafasi mbele ya mchezo wenye Mjerumani mwenye kiboko na kwaya ya ushindi.

Historia ya Abagusii nayo hutendewa vivyo hivyo. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, afisa wa utawala wa Kiingereza, akichochewa, kwa mujibu wa masimulizi, na mwonaguzi Moraa. Tukio hili limekuwa hazina ya majukwaa ya Gusii. Lakini michezo ya aina hii hupenda kufikia kilele kwenye mkuki na kufunga pazia. Kilichofuata mkuki, yaani msafara wa adhabu, nyumba zilizochomwa, ng'ombe waliotwaliwa kutoka maboma ya watu ambao hawakumjua Otenyo wala kumtuma, huachwa kwa walimu wa historia. Katika pengo hilo ndipo ilipo tanzia. Moraa aliyewatazama wajane wa majirani zake baada ya vumbi kutulia ni mhusika mkubwa kuliko Moraa anayepaza sauti, na mwigizaji wa miaka kumi na saba anaweza kumfikia akielekezwa na mtu asiyewaza kombe.

Yapo mambo yanayochekesha kidogo katika haya yote. Jamii iliyomzaa Sakagwa, ambaye masimulizi yanasema aliuona ujio wa wageni na mji utakaojengwa Getembe kabla ya mtu yeyote kutaka kuyasikia hayo, leo ina waonaguzi wanaotabiri kwamba shule iliyoshinda mwaka jana itashinda tena.

Utetezi wa utabiri ulipata pigo ambalo watetezi wake hawajalijibu, nalo lilipita katika mji wa Kisii wenyewe. Mwaka 2025 mchezo wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, uliondolewa mashindanoni kabla ya fainali. Mnamo Aprili 3, Mahakama Kuu iliyoketi Kisii iliamuru wasichana hao waruhusiwe kushiriki. Aprili 10, jijini Nakuru, baada ya polisi kuwatawanya watu kwa gesi ya kutoza machozi, na mwelekezi wao akiwa amezuiwa kuwafikia, wasichana walijitokeza, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Mtunzi huyo huyo alikuwa amepitia njia hiyo mwaka 2013, pale Shackles of Doom ya shule hiyo hiyo ilipopigwa marufuku na Mahakama Kuu ikaufungulia mlango. Sasa waulizwe watabiri: ni ubashiri gani wa mwaka 2025 uliotaja kwamba mchezo utakaozungumzwa na taifa zima ungekuwa ule ambao haukuigizwa? Washindi halali wa mwaka huo walipokea vikombe vyao, na pengine walistahili. Lakini nchi nzima haikuzungumza habari zao.

Isidhaniwe kwamba marufuku ni cheti cha ubora. Mchezo dhaifu ukipigwa marufuku hubaki mchezo dhaifu, na wengi waliousifu au kuulaani ule wa Butere hawakuwa wameuona wala kuusoma. Wao pia walikuwa watabiri wa namna yao: walijua thamani ya mchezo kwa kujua nani ameuandika na nani ameukasirikia. Mhakiki aliyeusifu kwa sababu serikali haikuupenda hana tofauti na mwalimu anayeubashiria ushindi kwa sababu mwelekezi ana jina. Wote wawili wameruka hatua ya kuusoma.

Watetezi wa utabiri huwa na hoja moja yenye nguvu, nayo haifai kupuuzwa. Husema kwamba mashindano hayawezi kuwapo bila vigezo. Kwamba vigezo vikiwa wazi, matokeo yanapaswa kukisika kwa kiasi fulani. Na kwamba tuzo isiyoweza kubashiriwa kabisa ni bahati nasibu. Ni kweli. Hata Waathene wa kale waliona haja ya kuwachagua waamuzi kwa kura ili wasinunuliwe. Lakini waamuzi hao hao walimpa Sophocles nafasi ya pili kwa mfululizo wa michezo uliokuwa na ule ambao Samuel Mushi aliutafsiri kuwa Mfalme Edipode. Ushindi ulimwendea Philocles, ambaye leo hana hata tamthilia moja iliyosalia nzima. Vigezo vizuri humsaidia mwamuzi kueleza alichokiona. Havimwambii atakachokiona. Tofauti hiyo ndiyo inayofutwa mwalimu anapochukua karatasi ya alama ya mwaka jana na kuitumia kama kiunzi cha kutungia mchezo wa mwaka huu.

Hoja ya pili, kwamba zoezi la kutabiri huwafunza wanafunzi kutazama kwa makini, ina ukweli mdogo zaidi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeombwa kutabiri hujifunza kuwatazama waamuzi. Akiombwa kueleza kwa nini onyesho la pili lilikufa mikononi mwa waigizaji hodari, hujifunza kulitazama jukwaa. Hizi ni nidhamu mbili tofauti, na muda wa masomo ni mfupi.

Palipo na upungufu wa kweli ni kwingine, na watabiri hawapagusi. Mchezo wa Tamasha hutungwa mwishoni mwa mwaka, hufanyiwa mazoezi kuanzia Januari, huigizwa mara nne au tano ukibahatika, na kufikia Mei umekufa. Muswada hubaki kwa mtunzi wa kukodiwa, au kwenye kabati la mwalimu ambaye akihamishwa unapotea. Michezo iliyoangushwa katika ngazi ya kaunti hupotea upesi zaidi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, msimu mzima wa michezo ulikatwa kabla haujafika mwisho, na ni vigumu kupata mtu awezaye kuonyesha ilikuwa ipi. Kwa hiyo mhakiki anayetaka kuthibitisha kwamba mchezo bora wa Nyamira wa mwaka fulani ulikuwa ule uliokuja wa nne hana cha kuonyesha, na mtabiri aliyebashiri mshindi anabaki bingwa kwa kukosa mpinzani. Utabiri umenawiri kwa sababu matini hazipo.

Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka 2013. Kina idara inayofundisha fasihi, na mjini humo Tamasha la Kimataifa la Ushairi la Kistrech, lililoasisiwa na Christopher Okemwa, limekwisha kuonyesha kwamba washairi wa mbali wanaweza kuletwa Gusii na wanafunzi wakawasikiliza. Kukusanya miswada ya michezo ya kaunti mbili ni kazi ndogo kuliko hiyo. Inahitaji barua kwa shule kila mwezi wa Aprili, chumba chenye rafu, na mwanafunzi mmoja wa uzamili wa kuorodhesha mtunzi halisi, mwelekezi, shule, lugha, ngazi ambayo mchezo uliangukia na maoni ya waamuzi kama yaliandikwa. Kazi ianze na iliyoshindwa. Iliyoshinda ina watu wa kuikumbuka walau hadi Agosti. Ule wa bibi wa Marani usio na jambazi, kama upo mwalimu aliyethubutu kuuandika, umo katika daftari mahali fulani kati ya Marani na Nyansiongo, na huenda mwenye daftari atastaafu mwaka huu.